Leseni ya mume, kiwanja jina la kaka, na mimi nipo wapi?

Shikamoo Bi Karani,

Mi nakusoma siku nyingi ila kuandika ndo leo, na naandika nikiwa dukani kwaiyo nisamehe kama mambo yatakuwa yamechanganyika. Usinitaje jina, niite tu Mama Vitenge. Naishi Ujiji, hapa Kigoma, fremu yetu ipo Mwanga.

Nimeolewa tangu 2011, ndoa ya kiislamu, cheti cha BAKWATA ninacho. Tuna watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, mkubwa ana miaka 13. Mume wangu ni Mrundi. Yani Mrundi kwa karatasi, maana mwenyewe kazaliwa Ulyankulu huko Tabora, wazee wake walikimbia yale mauaji ya 72, wakapewa mashamba wakalima tumbaku mpaka watoto wakawa wakubwa, baadae mzee akasema anataka akazikwe kwao, wakarudi Burundi 2009, ila mume wangu hakutulia huko, akawa mtu wa kwenda na kurudi na mzigo wa vitenge, anashuka na boti Kibirizi, ndo tulipoonana. Ana pasi ya Burundi na kibali cha ukaazi. Bujumbura ana mke mwenzangu na watoto watatu, hilo silifichi nilimkuta nae, na mama mkwe yupo hai anaishi huko huko.

Sasa duka lote ni jina lake. Leseni jina lake, jina la biashara kule BRELA, kwa wasajili wa biashara, lake, TIN yake. Mtaji ulikuwa wake kweli, mi niliingia na milioni mbili za kikoba na mikono yangu, maana ni mimi nafungua asubuhi na kufunga usiku. Pembeni ya vitenge tuna uwakala wa pesa za simu, zile laini zimesajiliwa kwa NIDA ya kaka yangu. Na Gungu tuna kiwanja tumejenga nyumba imefika kwenye lenta, kiwanja nacho jina la kaka, tulinunua 2016. Mume alisema mgeni haruhusiwi kununua ardhi, mi nikasema basi niandikwe mimi, akasema wewe mwanamke, siku ukichoka ndoa unaondoka nacho. Nikanyamaza.

Leseni imeisha mwezi uliopita. Tukaingia kwenye TAUSI, ule mfumo wa mtandaoni wa leseni, kuomba upya ikagoma, tukaenda kuuliza tukaambiwa kwa asiye raia duka la rejareja hamna tena, kuna amri. Hapo akajitokeza jamaa mmoja anajifanya anajua sheria, anasema tuhamishie kila kitu kwa kaka alafu yeye atatuandikia mkataba wa pembeni kwamba kaka ni jina tu, mali ni ya mume wangu. Anataka laki nne. Mume ameshakubali, kaka nae hana neno.

Ila Bi Karani, wiki tatu zilizopita kaka alianguka na bodaboda akalazwa, siku mbili hatujui kama atafungua macho. Tumekaa nje ya wodi, wifi yangu analia, katikati ya kulia akasema "sasa ile nyumba yetu ya Gungu nani ataimalizia." Nyumba yetu! Nikajifanya sijasikia. Kaka amepona alhamdulillah anatembea na gongo, lakini mi tangu siku ile usingizi sina.

Naomba unijibu. Hilo la jina la kaka ni sawa? Na mume wangu akitangulia mimi napata nini? Na je nimwambie aandike wosia kwamba duka na nyumba vyote ni vyangu, tumalize?

Mama Vitenge, Ujiji

*

Marahaba mwanangu,

Hilo neno la wifi yako nimelisoma mara tatu. Wala hajakosea. Kwa karatasi ile ni nyumba ya mumewe, na kaka yako angefariki siku zile mbili, kiwanja cha Gungu kingeingia kwenye orodha ya mirathi yake, kigawiwe kwa mkewe na watoto wake, na wewe ungekuja mahakamani na maneno ya mdomo kwamba tulimuazima jina. Nilikaa ukarani wa mahakama ya mwanzo miaka 26, watu wa jina la kuazima nimewaona sana, wengi wao hawakudhulumiwa na mtu mbaya, walidhulumiwa na kifo tu. Mwenye jina alikuwa mwema, akafa, waliobaki hawakujua makubaliano. Au walijua, wakasahau.

Tuanze na hiyo amri maana ndo imewasha moto. Inaitwa Amri ya kuzuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, imetoka tarehe 28 Julai 2025, Tangazo la Serikali namba 487A, waziri wa viwanda na biashara wa wakati ule, Selemani Jafo, ndo aliyeitoa. Ina aina 15. Duka la jumla na rejareja limo, isipokuwa supamaketi na jumla ya bidhaa maalumu za wazalishaji wa ndani. Uwakala wa kutuma pesa umo. Kutengeneza simu, saluni, udalali, kununua mazao shambani, uwakala wa forodha, vyote humo. Aliyekuwa na leseni hai aliachwa aimalize, ndo maana nyie mmefika mpaka mwezi uliopita bila bughudha. Wakenya walilalamika sana kwamba ni kinyume na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Burundi nayo ipo Jumuiya tangu 2007, lakini mwanangu huo ni ugomvi wa mawaziri, mkaguzi akisimama mlangoni kwako hataki kusikia Jumuiya anataka leseni.

Adhabu sasa. Asiye raia akikutwa, faini isiyopungua shilingi milioni 10 au jela isiyozidi miezi 6, na viza na kibali cha ukaazi vinafutwa. Na hii ndo jamaa yenu wa laki nne hakuwaambia: raia anayemsaidia asiye raia kufanya hizo biashara nae ana kosa lake, faini milioni 5 au jela miezi 3. Kaka yako na gongo lake.

Huo mkataba wa pembeni ndo mbaya kuliko vyote. Fikiria umeandikwa nini mle: kwamba duka kwa nje ni la kaka, kwa ndani ni la mgeni. Yani mmekaa chini mkaandika kosa lenu kwa mkono wenu, mkalisaini, mkaweka na mashahidi. Siku mkigombana na kaka mkaupeleka mahakamani, sheria ya mikataba inasema makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili, kwaiyo haumlindi mumeo hata kidogo. Hauwezi kudai chochote, ila unaweza kuwafunga. Laki nne nunueni mzigo. Na akiwageukia na la kampuni, kwamba fungueni kampuni mume ajifiche nyuma ya hisa za watu, mwambieni tangu sheria ya fedha ya 2020 kampuni inatakiwa kuwataja BRELA wamiliki manufaa, yani wale wenye mali kweli, sio wanaobeba jina.

Kwaiyo jina la kaka hapana. Jina lako ndio, ila sikiliza vizuri, sio kwa kuazima. Ukiandikwa wewe alafu usiku yeye ndo anahesabu mauzo na wewe unaachiwa ya mboga, hapo umegeuka kaka yako tu aliyevaa dera. Duka liwe lako kweli. Na njia ipo tena ya dini yenu, hiba. Mume akiwa mzima na akili zake anaweza kumpa mkewe mali akiwa hai, sio theluthi, hata yote, masharti yake ni aseme nakupa, wewe useme nimepokea, na akukabidhi. Kukabidhi ndo watu wanakosea. Orodhesheni mzigo wote uliopo, vitenge robota ngapi, vya thamani gani, madeni ya kule Bujumbura kiasi gani, muandike, mashahidi wasaini, wakili agonge muhuri, funguo uchukue wewe, mkataba wa fremu ubadilishwe uje kwako. Sheria ya ndoa ya 1971 nayo inasema mume akimpa mke zawadi ya mali, inachukuliwa ni ya mke moja kwa moja mpaka mtu athibitishe vingine. Ila asisubiri mpaka augue, maana hiba ya mtu aliye kwenye ugonjwa wa kifo inahesabiwa kama wosia, na wosia ni habari nyingine nitafika.

Baada ya hapo unaanza upya kwa jina lako. TIN yako, jina la biashara lako BRELA, leseni yako. Leseni ya mume haihamishwi kama baiskeli, ni kuomba mpya. Na yeye afunge hesabu zake TRA kabla, msiache TIN yake inaning'inia inazaa deni na faini.

Na yeye afanye nini? Hapa ndo mnapoona giza wakati njia ipo. Vitenge anavinunua wapi? Huko huko kwao. Basi abaki kuwa muuzaji wa upande wa kule, biashara yake ya Bujumbura ikuuzie mzigo kwa risiti, wewe mfanyabiashara wa Mwanga unauingiza kwa kulipa forodha, unamlipa kama unavyomlipa muuzaji yeyote. Akija nyumbani anakuja kama mume. Ila kusimama kaunta kupima kitenge hapana, hata kama hamlipi mshahara, kazi kwa asiye raia inataka kibali cha kazi, hiyo ni sheria ya 2015 na ni kosa lingine kabisa.

Najua atasema nini, kwamba nikikupa vyote siku ukichoka utanifukuza na begi. Mwambie hivi. Mkiachana, mahakama haiangalii jina tu, inaangalia mali iliyochumwa kwenye ndoa na mchango wa kila mmoja, na mtaji wake utahesabiwa. Mgeni hapewi ardhi lakini mchango wake unaweza kuhesabiwa kwa pesa. Na wewe nawe ujue, tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 hata kazi za nyumbani za mke ni mchango, sembuse wewe unayefungua na kufunga duka tangu mwanzo. Vifungu sikutajii, maana toleo jipya la sheria lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025 limepangua namba nyingi, ukimtajia mtu kifungu cha zamani anakuona umetoka porini.

Lakini subiri. Kuna kitu umekipitisha haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Mumeo kazaliwa Ulyankulu. Wakimbizi wa 72 waliokuwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa kuchagua, kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania, na zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa uraia, vyeti vikaja kutolewa mwaka 2014. Umesema mzee alirudi 2009. Je mumeo aliomba kabla familia haijaondoka? Alikuwa mtu mzima au aliandikwa kwenye fomu ya baba yake? Maana kuna nyumba zilizogawanyika, baba karudi mtoto kabaki kwenye orodha. Kama ana cheti cha uraia huyo ni Mtanzania na amri haimhusu kabisa, ila hapo itabidi aeleze hiyo pasi ya Burundi, kwa mtu mzima sheria yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwaiyo asikimbilie uhamiaji peke yake, aende na wakili. Kama hana, basi hana. Na usidanganywe na mtu kwamba kuoa Mtanzania kunampa uraia. Mke wa kigeni wa Mtanzania anayo hiyo njia ya ndoa, mume wa kigeni hana, atapita mlango wa kawaida wa kuomba. Sio haki? Mimi pia naona sio haki, ila ndo ilivyoandikwa. Leo hii nenda kafungue sanduku la karatasi zake, kila familia ya Ulyankulu ina sanduku.

Tuje Gungu. Kaka amepona, mshukuru Mungu na umtumie akiwa hai. Ahamishe kiwanja kije kwako wewe, raia, na hakuna sheria ya Tanzania inayosema mwanamke hawezi kuandikwa kwenye ardhi, sheria za ardhi za 1999 zimesema tuko sawa. Kama kina hati mnaanzia kwa kamishna wa ardhi msaidizi wa mkoa, kama hakijapimwa mnaandikishana kwa wakili na serikali ya mtaa. Kuna kodi na ada, ulizeni TRA kwanza mjue kiasi ili msishtuke. Na wifi yako awepo, asaini kabisa. Usimfanyie kwa siri, siku ile alikuwa analia mume, hakuwa anakuibia.

Sasa mirathi, maana uliuliza unapata nini. Nyie ni waislamu na mnaishi kiislamu, shauri litafunguliwa mahakama ya mwanzo na kugawiwa kwa sheria ya kiislamu. Tuseme leo mali zote ni zake, zina thamani ya shilingi milioni 48, madeni yameshalipwa. Wake mnapata thumuni, yani moja ya nane, milioni 6, na mpo wawili kwaiyo wewe milioni 3. Mama mkwe sudusi, yani moja ya sita, milioni 8. Zinazobaki milioni 34 ni za watoto wote saba, wa kwako na wa Bujumbura, wa kiume mafungu mawili wa kike fungu moja. Umeona? Milioni 3 kwa duka ulilolifungua na kulifunga zaidi ya miaka kumi. Unaweza kudai fungu la mchango wako kwanza, lakini hilo ni kudai ukiwa kwenye eda, na mashahidi wako wamelala upande mwingine.

Na wosia hauwezi kukusaidia hapo. Kwa dini yenu mtu anausia theluthi tu, na hausii mrithi ila warithi wenzake wakubali baada ya kifo, na wewe ni mrithi. Unadhani mke mwenzio atakubali? Mimi ningekuwa yeye nisingekubali. Ndo maana nimekusisitiza hiba, kilichotoka mkononi mwake akiwa mzima hakirudi kwenye mirathi. Ila hapa nitasema neno ambalo hutalipenda. Wale watoto watatu ni wake pia, na akikupa kila kitu awape na wao kitu akiwa hai, hata boti au mzigo wa kule kule Bujumbura, la sivyo watakuja na boti ile ile ya Kibirizi kukuuliza na hawatakuja kwa upole.

Ukitangulia wewe, mume anapata robo, mama yako na baba yako kama wapo hai kila mmoja sudusi, vinavyobaki ni vya watoto wako wanne. Kwenye nyumba ya Gungu sehemu ya mume itabidi iwe thamani tu, kuandikwa kwenye ardhi hawezi. Watoto wanaweza kwa sababu mama yao ni wewe, ila kama nao wana uraia wa baba, wakifika 18 watatakiwa kuchagua mmoja, huyo wa miaka 13 muanze kumwambia mapema. Kaka yako harithi kwako kwa kuwa una watoto wa kiume, na hapo ndo wosia wako una kazi: kwa kuwa si mrithi unaweza kumuusia kitu ndani ya theluthi, kwa wema wake wa kukubebea jina miaka yote hiyo. Andika, mashahidi wasiwe watu wanaonufaika, upeleke ukatunzwe RITA, ofisi yao wilayani unaijua, ni pale pale ulipochukulia vyeti vya watoto.

Msimamizi wa mirathi nae mkimteua siku ya siku mkumbushe sio mrithi mkuu. Mahakama ya mwanzo inampa miezi minne alete orodha ya mali na madeni, alafu atoe hesabu. Mashauri yanaendeshwa kwa Kiswahili, sheria ya 2021 ilimaliza ubishi, kwaiyo usiogope kusimama na kuuliza mwenyewe. Kama hela ya wakili haipo watafute wasaidizi wa kisheria, wapo kwa sheria ya 2017 na huduma yao ni bure, ila hiba na kiwanja ningekushauri ulipie wakili, ndo matumizi halali ya ile laki nne.

Nilitaka kusahau laini za uwakala. Zimesajiliwa kwa NIDA ya kaka, maana yake floti iliyomo ndani kwa mtandao ni hela ya kaka. Kaka angefariki kwenye ile ajali wangezifunga, na msimamizi wake wa mirathi ndo angeenda kuzidai, sio wewe. Hizo usisubiri wakili wala kiwanja. Kesho chukua NIDA yako na TIN, omba uwakala kwa jina lako, floti ikishahamia za kaka zifungwe. Alafu niandikie lile sanduku lilikuwa na nini.

Bi Karani